Kilo Tisa za Mdogo Wangu

Jumatatu, Machi 3

Daftari hili nimepewa na mshauri wa lishe wa hospitali ili niandike kila ninachokula. Nitaandika. Lakini kurasa ni nyingi na chakula anachotaka nile ni kidogo, kwa hiyo nafasi itakayobaki nitaijaza mengine.

Mambo yako hivi. Mdogo wangu, kinyozi, figo zake zote mbili zimeshindwa kazi. Huu ni mwaka wa pili anaishi kwa mashine. Mara tatu kwa wiki anakwenda hospitali, anaunganishwa kwa mrija uliochomekwa shingoni, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Mama angempa figo, ila ana shinikizo la damu na umri umekwenda. Mkewe, yaani wifi yangu, alipimwa, damu haikulingana. Nikapimwa mimi. Imelingana! Mama alipiga vigelegele koridoni hadi mlinzi akaja kuuliza kuna harusi gani hospitalini.

Kisha nikapandishwa kwenye mizani. Tisini na nne.

Daktari wa figo alivua miwani. "Mama Pacha, kwa uzito huu siwezi kukupasua. Dawa ya usingizi ni hatari kwako, halafu hiyo figo moja utakayobaki nayo itabeba mzigo wa mbili. Shuka hadi themanini na tano, tukupime upya."

"Kwa muda gani, daktari?"

Akanielekeza mlango wa pili, kwa mshauri wa lishe. Mwanamke mdogo wa umbo, sauti ya chini, macho hayacheki. "Nusu kilo kwa wiki," akasema. "Ukijitahidi sana, kilo moja, lakini usiizoee. Nusu sahani iwe mboga. Nusu saa kutembea kila siku." Nimeshampa jina: Bi Nusu.

Nilipiga hesabu nikishuka ngazi. Kilo tisa kwa nusu nusu ni wiki kumi na nane. Mrija wa shingoni alio nao mdogo wangu ni wa tatu, miwili ya kwanza iliziba. Daktari ametuambia bila kuzunguka kwamba mishipa ya kupitishia mrija haiko mingi, na ikiisha imeisha. Wiki kumi na nane! Huyu mama anadhani tunangoja ndizi ziive.

Na mimi kazi yangu ni kuoka mikate.

Jumanne, Machi 4

Yai moja, chai bila sukari, maharage, mchicha. Nimetoa trei arobaini za skonzi na sijaonja hata moja. Mvua bado. Mawingu yamekaa tu kama wageni wasiosema walichokuja kutafuta.

Ijumaa, Machi 7

Baba Pacha ameniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Akasema, "Najua. Lakini mimi nilioa mke mwenye figo mbili." Alisema kwa mzaha, kisha akaosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana.

Jumatatu, Machi 10

91.2!

Kilo mbili na gramu mia nane kwa wiki moja. Bi Nusu aliandika, hakutabasamu, akasema, "Wiki ya kwanza haina ushahidi." Nikasema moyoni, wivu tu.

Wifi alikuwa ananingoja nje ya lango. Si kawaida yake kunifuata popote. Ni mwanamke wa kunyoosha nguo na maneno, tangu aolewe kwetu hajawahi kuinua sauti wala kulegeza kilemba. Nilipomtajia namba alifunga macho. Akatoa simu akapiga hesabu hapo hapo. "Wiki tatu, wifi. Mwanzoni mwa Aprili utakuwa umefika." Tukaenda moja kwa moja kinyozini kumpa habari. Mdogo wangu alikuwa ananyoa mzee mmoja, akasimamisha mashine. Alimpangusa mzee shingo mara tatu.

Jioni Mama amepiga simu kwa ndugu wote. Aprili, anawaambia. Aprili mwanangu anapona.

Jumamosi, Machi 15

Mvua imeanza. Njaa pia, ile yenyewe.

Jumatatu, Machi 17

90.6. Gramu mia sita. Bi Nusu kasema vizuri sana. Wifi hakusema vizuri. Kasema, "Mbona imepungua kupungua?"

Jumatatu, Machi 24

90.6.

Nilishuka, nikapanda tena. 90.6. Nikavua viatu, nikavua mkanda, nikavua hereni. Bi Nusu akasema hereni zangu hazina kosa.

Wifi alikuwa langoni na mwavuli. Nilimwona kabla hajaniona na nikatamani kuna mlango wa nyuma. "Umekula nini Jumamosi?" akaniuliza. Nikamwambia. "Na Jumapili?" Nikamwambia. "Na kazini, huonji?" Hapo nikawaka. Nikamwambia mimi si mwizi wa mkate wangu mwenyewe. Tukaenda hadi kituoni chini ya mwavuli mmoja, kila mtu bega lake la nje limelowa.

Jumatano, Machi 26

Mteja ameniambia nimependeza, nimepungua uso. Nimetaka kumwambia uso haupimwi.

Jumatatu, Machi 31

91.0. Nimepanda.

Sijakosa siku. Nimetembea kwenye matope. Nimelala nikisikia tumbo linaongea kama redio ya jirani. Na nimepanda gramu mia nne! Bi Nusu alianza kueleza, chumvi, maji, siku za mwezi, mwili kujishika. Sikumsikiliza. Nilikuwa naangalia mdomo wake tu unavyokwenda. Mwisho nikamwambia, "Mama, wewe una ndugu mgonjwa?" Akaweka kalamu chini. Nikatoka.

Leo ni siku ya mashine pia, nikapita kumwona mdogo wangu. Mrija umeanza kusumbua, damu inatoka polepole, mashine inalia kila dakika tano, na muuguzi anambinya shingo huku na huku kutafuta pembe itakayokubali. Yeye akanikonyeza. "Hii mashine inalia kuliko Mama," akasema. Nilicheka kisha nikaenda chooni kulia.

Nilipotoka wifi alinivuta pembeni. Akafungua mkoba, akatoa pakiti ya majani makavu. "Jirani yangu alipunguza kilo tisa kwa mwezi na hii. Unachemsha, unakunywa asubuhi na jioni. Na chakula, wifi... jamani, chakula kitakuwepo tu mwakani." Mikono yake ilikuwa baridi. Sikupenda namna alivyoniangalia tumbo. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia foleni iliyomzuia.

Nimechukua.

Jumatano, Aprili 2

Chai ya majani. Yai. Chai ya majani. Choo mara sita.

Ijumaa, Aprili 4

Chai ya majani. Nusu yai. Mvua haijakatika tangu jana. Nimewaandalia watoto chakula nikajifungia chumbani mpaka wamalize. Mkubwa wa pacha akagonga mlango akauliza kama nimegombana na wali.

Jumatatu, Aprili 7

88.1!

Karibu kilo tatu. Bi Nusu alinitazama machoni, akanivuta kope ya chini, akaniuliza ninakunywa nini. Nikasema maji. Akaniuliza tena. Nikasema maji. Alitaka nipimwe damu leo leo, nikamwambia ninachelewa kazini.

Wifi amenikumbatia. Mara ya kwanza katika miaka kumi na moja.

Jumanne, Aprili 8

Chai. Chai.

Jumatatu, Aprili 14

Sasa niandike yote, maana nina muda. Niko kitandani na kidonda mkononi.

Alhamisi nilikuwa zamu ya asubuhi. Tumeingiza mikate ya pili, nafungua oveni kuangalia rangi, joto likanipiga usoni kama kawaida. Nakumbuka nilifikiri, mikate imeiva. Kisha miguu ikaacha kuwa yangu. Mwenzangu wa oveni, tunayemwita Moto, ndiye aliyenidaka, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshagusa mlango. Anasema ngozi ilitoa mlio. Mimi sikusikia. Nilisikia moyo tu, unapiga, unaruka, unasahau, unapiga.

Hospitali ile ile, ila safari hii kitandani. Walinitundikia maji chupa tatu. Madini ya damu yalikuwa yameshuka hadi moyo ukaanza kuyumba. Daktari wa figo alikuja mwenyewe na karatasi za vipimo, akasimama miguuni pangu.

"Ulikuwa unakunywa nini?"

Nikamwambia.

Aliandika jibu langu kwenye faili, nje matone ya mvua yakigonga bati la kibanda. Kisha akasema, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Mama Pacha, figo zako zimekauka. Zitarudi, una bahati. Lakini niambie, ulikuwa unataka kumpa mdogo wako figo gani? Hii?" Akagonga karatasi kwa kidole. "Nakuondoa kwenye orodha kwa wiki sita. Baada ya hapo tutaona kama unarudi."

Wiki sita. Nilikimbia kuokoa wiki, nimezipoteza sita.

Mama alikuja. Alisimama mlangoni akasema, "Umetuangusha," kisha akalia na kunipangusa uso kwa kanga yake, yote kwa pamoja, kama vile mkono na mdomo wake ni vya watu wawili. Baba Pacha alilala kwenye kiti siku mbili. Wifi hakuja.

Leo nimeruhusiwa. Wamenipima mlangoni: 90.3. Maji ya chupa tatu yamerudisha karibu kila nilichojivunia.

Jumatano, Aprili 16

Mdogo wangu amenitumia ujumbe: njoo kinyozini.

Nilimkuta peke yake, kiti kitupu, taulo zimekunjwa. Akaniambia nikae kwenye kiti cha wateja. Nikakaa. Akasimama nyuma yangu, tukawa tunatazamana kwenye kioo, na hivyo ndivyo alivyonisema, kupitia kioo.

"Dada, sitaki figo yako."

"Usianze."

"Nimeshamwambia daktari. Sitaki kitu cha mtu aliyejiua kwa njaa ili anipe. Nitakaa nacho vipi tumboni? Kila nikila nitakukumbuka."

"Utakufa, wewe!"

"Basi nife nina dada."

Nikainuka, akanishika bega akanirudisha. Mkono wake hauna nguvu siku hizi, lakini nilirudi. Akashusha pumzi. "Unajua mimi napimwa uzito mara tatu kwa wiki? Naingia na kilo sitini na tano, natoka na sitini na mbili na nusu. Kwa saa nne. Umewahi kunisikia nikisema nimekonda? Ni maji, dada. Kesho kutwa yanarudi. Ile wiki yako ya kwanza mlipokuja hapa mnashangilia, mimi nilijua ni maji. Nilitaka kusema. Nikaona uso wa mke wangu, nikashindwa."

"Kwa hiyo uliniacha nijidanganye."

"Nilitaka na mimi kudanganyika kidogo. Aprili ilikuwa imenoga."

Kisha, kwa kuwa ni kinyozi na hajui kukaa na kichwa bila kukigusa, akanikata nywele za shingoni.

Alhamisi, Aprili 17

Hana haki ya kukataa. Au anayo? Nimekanda unga kwa hasira mkono mmoja hadi Moto akaninyang'anya.

Jumatatu, Aprili 21

Nimekwenda kwa Bi Nusu. Sikuwa na miadi. Nilikaa benchi hadi wagonjwa wakaisha.

Nikamwomba radhi kwa lile swali la ndugu mgonjwa. Akasema, "Nilikuwa naye." Akaacha hapo, nami sikuchokonoa. Kumbe yale macho yasiyocheka si baridi. Ni mtu aliyewahi kungoja.

Nikamwambia anieleze tena yale ambayo sikuyasikiliza. Akavuta kiti.

"Nani alikuambia mwili unashuka kama ngazi? Kuna wiki utashuka. Kuna wiki utasimama. Kuna wiki utapanda bila kosa lolote, na hiyo ndiyo wiki watu wanapojiharibu. Wewe usipime wiki, pima mwezi. Kilo mbili kwa mwezi, ukila, ukitembea, ukilala. Na mwili unavyopungua unahitaji kidogo zaidi, kwa hiyo mwisho utakwenda polepole kuliko mwanzo. Nakuambia sasa usije ukashtuka."

"Na kama hatuna muda huo?"

"Muda huo ndio uliopo. Mwingine haupo. Wa haraka umeshaujaribu."

Hakuna aliyewahi kuniambia jambo baya kwa sauti nzuri namna ile. Kanipima: 90.0. Kaandika. Nikauliza, "Ni vizuri?" Kasema, "Ni Jumatatu."

Jumanne, Aprili 22

Mayai mawili, nanasi. Maharage, kabichi. Samaki, mboga, wali kiganja kimoja. Nimekula mezani na watoto.

Alhamisi, Aprili 24

Niko barabarani nikitembea nusu saa yangu, mvua ya manyunyu, nikasikia viatu nyuma. Wifi. Kilemba kimelowa. Hakunifikia, akawa anatembea hatua kumi nyuma. Nikageuka.

"Unanifuata?"

"Nilikuja hospitali," akasema. "Siku zote nne. Nilifika hadi mlango wa wodi, nikarudi."

Akaendelea, na ile sauti yake iliyopigwa pasi ikaanza kukunjamana. "Wifi, usiku na mchana mimi ndiye ninayemsikia anavyohema. Anapolala namhesabia pumzi. Nikawa nahesabu na kilo zako vile vile, sikuwa nakuona wewe tena. Nilikuwa naona namba tu. Nikakupa sumu kwa mkono wangu."

Kwa wiki mbili nilikuwa nimejitungia maneno ya kumwambia mwanamke huyu, mengine yana makali hadi niliyafurahia. Yote yalinipotea. Niliona mtu aliyelowa tu.

"Basi njoo mbele," nikamwambia. "Ukitembea nyuma watu watadhani nakudai."

Jumatatu, Aprili 28

89.3. Wifi hakuuliza namba. Aliniuliza kama kidonda kinawasha.

Jumatatu, Mei 5

89.4. Nimepanda gramu mia. Nilikwenda nyumbani nikala chakula cha mchana. Hiyo ni sentensi ndogo, lakini imenitoa jasho.

Alhamisi, Mei 8

Nusu saa na wifi. Tumekwenda hadi daraja na kurudi. Mto umejaa, una rangi ya chai ya maziwa.

Jumatatu, Mei 12

88.5.

Mdogo wangu bado amekataa. Hatuzungumzi habari hiyo. Ninapungua kwa ajili ya mtu asiyetaka, kama mtu anayeshona nguo ya mgeni asiyeahidi kuja.

Jumatano, Mei 14

Homa. Alianza kutetemeka akiwa kwenye mashine, wakaikatiza. Wadudu wameingia kwenye mrija. Amelazwa.

Alhamisi, Mei 15

Hali ile ile. Mvua ile ile.

Ijumaa, Mei 16

Wameung'oa mrija wa shingoni. Bila mrija hakuna mashine, na bila mashine maji yanamjaa. Uso umevimba, nilipoingia nilidhani nimekosea kitanda. Anapumua kama amepanda kilima. Madaktari wanataka homa ishuke kwanza ndipo waweke mwingine, pajani, kwa sababu shingo imekwisha.

Kazini nimeunguza trei mbili. Moto alizimwaga akarudi.

Jumamosi, Mei 17

Haya ndiyo yaliyotokea leo kwa Mama.

Tulikuwa jikoni kwake, mimi na wifi, tunamfungia mgonjwa nguo safi. Mama akaingia na mfuko wa karatasi. Akauweka mezani mbele yangu. Niliijua harufu kabla hajafungua. Majani yale yale.

"Umebakiza kilo ngapi?" Mama akauliza.

"Tatu na nusu, Mama."

"Wiki moja, mwanangu. Wiki moja tu. Safari hii utakunywa na maji mengi, nitakuwa nakuangalia mwenyewe. Unamwona mwenzio alivyo? Unataka kungoja nini?"

Nami niseme ukweli, kwa kuwa kurasa hizi simwonyeshi mtu: mkono wangu ulikwenda. Uligusa mfuko. Kilo tatu na nusu, nilijua njia ya mkato, nilishaipita mara moja na nilijua kila kona yake. Nilimwona mdogo wangu na uso ule uliovimba, nikawaza, moyo ukiyumba safari hii nitakaa chini mapema.

Wifi aliunyakua. Mkwe mbele ya mama mkwe, mwanamke asiyeinua sauti kwa miaka kumi na moja! Akautupa kwenye ndoo ya maji machafu, akaushindilia kwa mkono mpaka kiwikoni.

"Mama, nisamehe," akasema. "Lakini ukitaka kuzika wawili, usinitume mimi tena."

Mama alikaa chini kwenye kigoda. Alionekana mdogo sana. Akasema, "Mimi sijui la kufanya. Niambieni nifanye nini." Mwishowe nikamwambia anipikie mboga, nina njaa. Akainuka akapika, tukala watatu kutoka sufuria moja, na wifi alinukia majani mpaka tulipoachana.

Jumatatu, Mei 19

Homa imeshuka. Mrija umewekwa pajani, mashine imekubali. 88.0.

Jumatano, Mei 21

Nimemkuta amekaa. Uso umerudi kuwa wake. Akaniambia, "Mke wangu amenisimulia ya ndooni."

"Alikuwa kama simba."

"Na wewe ungekunywa?"

Ningeweza kumdanganya. "Sijui," nikasema.

Akafikiri. Kisha akasema pale pajani ni mahali pa mwisho, daktari kamwambia. Akatazama dirisha. "Dada, ninaogopa. Nilikuwa najifanya mwanaume pale kinyozini." Nikamshika mguu juu ya shuka. "Ukila," akasema. "Ukila kila siku, na Bi Nusu wako akisema uko sawa, nitaichukua. Ukikosa mlo mmoja, nafunga duka."

"Sawa, bosi."

"Leo umekula nini?"

Nikamsomea kutoka humu.

Jumatatu, Mei 26

87.2.

Jumatatu, Juni 2

86.9. Wamenirudisha kwenye vipimo. Damu vichupa saba, mkojo wa siku nzima ndani ya galoni, ambalo Baba Pacha alilibeba hadi hospitali akiwa amelivika mfuko wa zawadi.

Jumatano, Juni 4

Mvua imeanza kupumzika. Vumbi halijaanza, matope hayajakauka, tuko katikati.

Jumatatu, Juni 9

86.2.

Jumatatu, Juni 16

86.0. Leo jopo la madaktari linakaa. Walisema themanini na tano. Sikufika. Nimekosa kilo moja, na sina kitu cha kuilaumu. Nilikula, nilitembea, nililala, na huu ndio mwili wangu ulipofika.

Alhamisi, Juni 19

Tuliitwa wote. Tulikaa mstari mmoja: Mama, wifi, mdogo wangu, mimi, Baba Pacha. Daktari wa figo alipekua karatasi mpaka nikataka kumsaidia kupekua.

"Una themanini na sita," akasema.

"Ndiyo, daktari."

"Shinikizo la damu limeshuka. Sukari iko sawa. Figo zimerudi, tena zinafanya kazi vizuri kuliko Machi." Akavua miwani. "Themanini na tano haikuandikwa mbinguni, Mama Pacha. Nilihitaji mwili ulioshuka na kutulia. Mwezi wa nne uliniletea themanini na nane, nikakukataa, unakumbuka? Leo jopo limekukubali. Alhamisi ijayo."

Mama safari hii hakupiga vigelegele. Aliweka kichwa mezani kwa daktari na akakaa hivyo.

Nikitoka nilisimama mlango wa pili. Bi Nusu alikuwa na mgonjwa, mwanaume mnene mwenye uso wa mtu aliyeambiwa wiki kumi na nane. Aliniona juu ya bega lake. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Akarudi kwa mgonjwa wake, lakini kalamu ilimponyoka.

Jumatano, Juni 25

Nimelazwa. Vitanda vyetu viko wodi mbili tofauti. Baba Pacha amesaini karatasi zote bila mzaha hata mmoja, nikajua anaogopa. Nimemwambia awaambie pacha wafue sare zao. Ndicho nilichoweza kusema.

Jumamosi, Juni 28

Naandika polepole. Ubavu wa kushoto unauma nikicheka, nikikohoa, nikifikiri.

Niliamka Alhamisi mchana na kiu, nikauliza, "Vipi yeye?" Muuguzi akasema ametoka, wanangoja. Wanangoja nini? Kumbe figo ikihamishwa inaweza kugoma. Inaweza kukaa tu mle ndani kama mgeni aliyenuna, siku, hata wiki. Ijumaa asubuhi ilikuwa bado. Ijumaa mchana ilikuwa bado. Hakuna aliyenitazama machoni, na mimi nilitazama dari, nikaikumbuka Aprili, nikajiuliza kama nilikuwa nimeiharibu kweli na vipimo havikuona. Hofu ile sitaki kuiandika zaidi ya hapa. Baba Pacha alinilisha uji kijiko kwa kijiko, nikaumeza wote kwa sababu nilikuwa nimeahidi kutokosa mlo.

Yapata saa tisa alasiri nikasikia mtu anakimbia koridoni. Viatu vinapiga sakafu, muuguzi anapiga kelele kwamba huku hakukimbiwi, na sauti ya mwanamke inapita juu ya zote, kubwa, imepasuka, sikuwahi kuisikia ikitoka kinywani mwake:

"Amekojoa! Wifi! Amekojoa! Mfuko umejaa!"

Akatokea mlangoni, kilemba hakipo, nywele huku na huku, kandambili moja mguuni. Wodi nzima ya wanawake ikamgeukia. Mtu ambaye mumewe hajaona tone kwa mwaka na nusu, anasimama katikati ya wagonjwa kumi na wawili akionyesha kwa mikono kiasi cha mkojo, kama mvuvi anayeonyesha samaki.

Nilicheka. Iliuma kama kisu, nikacheka tena. Bibi wa kitanda cha pembeni, asiyetujua kabisa, akauliza ni nani huyo aliyekojoa. Wifi akamwambia, "Ni mume wangu, bibi." Bibi akainua mikono miwili akasema alhamdulillahi, na wodi yote ikaitikia.